Mji wa misimu mitano, basi la siku sita

Na Mwandishi Wetu, Cedar Rapids

Saa kumi na moja na robo alfajiri, Jumapili ya Februari. Kwenye ukumbi mdogo wa mlangoni mwa jengo la kupanga, upande wa kusini magharibi mwa mji, wanawake watatu na kijana mmoja wamesimama wakitazama nje kupitia kioo. Hakuna anayetoka. Nje ni nyuzi 19 chini ya sifuri, na baridi ya namna hiyo huanzia puani: ukivuta pumzi tu, unahisi vinyweleo vikigandana.

Mama mwenyeji wangu ni mmoja wa wale watatu. Amevaa koti zito linalomfika magotini, na chini yake upindo wa kitenge umechungulia. Mkononi ana mfuko wenye bakuli la wali na maharage, chakula cha mapumziko ya kazini. Buti za theluji amezivaa. Viatu vya kazi, vile vyenye chuma mbele, amevifungia kwenye mfuko wa pili.

Hatua hamsini hivi kutoka hapo kipo kibao cha kituo cha basi, kimeota barafu. Nilimuuliza mzee mmoja, aliyeshuka kumsindikiza binti yake, kwa nini hawangoji kule. Akacheka.

“Siku ya yenga bisi haiko, mwandishi.”

Yenga, kwa Kiswahili cha mashariki ya Kongo, ndiyo Jumapili.

Taa za gari zikajitokeza kwenye kona. Ni gari la viti saba, la zamani kidogo, kutu imeanza kulila milango kwa chini. Wakaingia mbiombio. “Pole na baridi, baba,” mama mwenyeji wangu akamwambia dereva, naye akaitikia bila kugeuka. Kila mmoja akachomeka noti ya dola tano kwenye kikombe cha plastiki kando ya gia. Hakuna aliyeambiwa kiasi, hakuna aliyedai chenji.

Hiyo ndiyo daladala ya Jumapili ya Cedar Rapids, jimbo la Iowa.

Mji wa kawaida

Mhariri aliponituma huku aliniagiza jambo moja: niachane na New York na Hollywood, nitafute mji wa kawaida, ule ambao ukimtajia Mmarekani wa pwani anakuuliza uko wapi. Cedar Rapids unafaa. Ni mji wa pili kwa ukubwa Iowa, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 137,710. Kwa idadi ya watu, Kigoma-Ujiji imeushinda.

Kwa ardhi, lakini, mji huu umejinyoosha. Unachukua zaidi ya kilomita za mraba 180, nyumba moja moja zenye nyasi mbele na nyasi nyuma, na baada ya hapo ni mashamba ya mahindi na soya hadi macho yachoke. Mto Cedar na barabara iitwayo 1st Avenue vinaugawa mji robo nne, na namba za mitaa hujirudia katika kila robo. Ukimwelekeza mtu nyumba bila kumtajia kama ni NE, NW, SE au SW, umempoteza. Mwenyeji wangu alipofika mara ya kwanza alikwenda kwenye miadi ya daktari wa meno, akasimama mbele ya nyumba ya mtu binafsi yenye namba ileile aliyopewa, ng’ambo ya mto.

Katikati ya mto kuna kisiwa, Mays Island, kilichobeba mahakama ya wilaya. Kwa miaka mingi ofisi za mji nazo zilikuwa hapohapo, na wenyeji hujisifu kwamba Paris ndio mji mwingine wenye mambo hayo.

Kisha kuna harufu. Kando ya mto kimesimama kiwanda cha Quaker, miongoni mwa viwanda vikubwa kabisa vya nafaka duniani, na mji mzima huishi ndani ya mvuke wake. Siku nyingine ni harufu ya uji wa shayiri. Siku nyingine ni tamu kama peremende za matunda, na hapo kila mtu anajua wanapika ile nafaka ya rangirangi ya watoto. Viwanda vya kukamua wanga na sukari ya mahindi navyo vina zake, na hizo hazisifiwi.

Jina la heshima la Cedar Rapids ni Mji wa Misimu Mitano. Minne ni ile ya kawaida: masika yao, kiangazi, majani kupukutika na theluji. Wa tano, kwa maelezo yao wenyewe, ni wasaa wa kuifurahia hiyo minne. Lipo hata sanamu la mti wake kando ya mto. Wenyeji, kwa kuwa hawakosi utani, huuita Mji wa Harufu Tano.

Nimekaa hapa wiki mbili nikiutafuta huo msimu wa tano. Upo. Tatizo ni kwamba haupandi basi.

> Kikombe cha plastiki kando ya gia, noti ya dola tano: hiyo ndiyo nauli, na hakuna tiketi.

Zamani walikwenda kwa miguu

Cedar Rapids si mgeni wa wageni. Kuanzia miaka ya 1850 walianza kuingia watu wa Bohemia, Wacheki, wakajenga mitaa yao pande zote mbili za mto kusini mwa mji. Kijiji chao bado kipo, Czech Village, na duka la mikate ambako Jumamosi watu hupanga foleni kununua kolache, vimkate laini vyenye jamu au mbegu za mpopi katikati.

Niliutembea mtaa ule kwa makusudi. Kutoka nyumba za Wacheki hadi mahali kilipokuwa kiwanda cha nyama cha Sinclair, kilichoanza mwaka 1871, ni mwendo mfupi na daraja moja. Mfanyakazi wa zama zile aliamka, akanywa kahawa, akaenda kazini kwa miguu yake, akarudi akinuka nguruwe lakini akiwa hana deni la gari. Kiwanda kilibadili wamiliki, kikafungwa mwaka 1990, na sasa hata kuta zake hazipo.

Treni nayo ilikuwepo. Tangu mwaka 1904 reli ya umeme iitwayo CRANDIC ilibeba abiria kati ya hapa na Iowa City, mji wa chuo kikuu ulio kilomita 40 hivi kusini. Mabehewa yaliyumba mno, hata kampuni ikaifanya yumbayumba hiyo kuwa tangazo la biashara. Abiria wa mwisho walishuka mwaka 1953. Reli ipo bado, inabeba mizigo.

Badala yake ikaja barabara kuu namba 380, iliyopitishwa katikati ya mji kwenye nguzo, ikipiga kona mbili kama herufi S juu ya paa za watu. Kwenye kona hizo mji ulifunga kamera za mwendokasi mwaka 2010, na tangu hapo ugomvi haujaisha. Mji unasema kamera zinaokoa roho. Madereva wanasema ni mtego wa pesa. Zilizimwa mwaka 2017 kwa kesi, zikawashwa tena 2019. Mgeni aliyetoka kambi ya wakimbizi, mwenye leseni ya wiki tatu, hajui historia hiyo. Yeye huletewa bahasha yenye picha ya gari lake na deni la dola 75.

Kazi nazo zikafuata barabara. Maghala, viwanda vya vyakula na vya vipuri vimehamia pembezoni, karibu na uwanja wa ndege au vijiji vya jirani. Friji hutengenezwa Amana, mwendo wa nusu saa kwa gari, na mwaka 2025 hata huko walitangaza kupunguza mamia ya wafanyakazi. Mhamiaji wa zamani aliukuta mlango wa kiwanda mwisho wa mtaa wake. Wa leo anaukuta mwisho wa barabara kuu, ambako hata njia ya miguu haifiki.

Nilijaribu mwenyewe. Siku ya tatu, nikijiona mtu wa Kariakoo niliyezoea jua na vumbi, niliamua kwenda kwa miguu kwenye duka kubwa la vyakula, kilomita mbili tu. Njia ya miguu ilikuwa nzuri, ya zege, imesafishwa. Kisha ikakatika ghafla, kama sentensi ya mtu aliyesahau alichotaka kusema. Mbele ni mfereji uliojaa theluji na magari yapitayo kasi. Nikaingia mfereji. Theluji ikanifika magotini. Mwanamke mmoja akasimamisha gari, akateremsha kioo, akaniuliza kama gari langu limeharibika. Hakuwa na maelezo mengine ya mtu kuwa pale.

Mahindi yasiyopikwa ugali

Mtanzania akifika Iowa wakati wa kiangazi humshukuru Mungu kwa mahindi. Jimbo hili huongoza Marekani kwa zao hilo. Mashamba yananyooka pande zote, marefu kuliko mtu, yamesimama kama askari.

Halafu anagundua kwamba karibu yote si chakula cha binadamu. Ni mahindi ya njano ya kulishia mifugo, na Iowa ina nguruwe wengi kuliko watu, mara kadhaa. Sehemu nyingine kubwa hukamuliwa kuwa ethanoli, kileo kinachochanganywa kwenye petroli. Petroli nyingi ya Marekani ina asilimia 10 hivi ya kitu hicho, na Iowa ndiyo inayotengeneza kwa wingi zaidi. Kwa maneno mengine, hapa hata mahindi yenyewe huishia ndani ya gari.

Mwenyeji wangu alizaliwa Fizi, mashariki ya Kongo, akakulia kambi ya Nyarugusu, Kasulu, na unga wa ugali anaununua kwenye duka la Waafrika. Humohumo hupata sombe iliyogandishwa, ile tunayoiita kisamvu, na dagaa ambao yeye huwaita ndagala. Bei ya mfuko mmoja mdogo wa ndagala ingetosha samaki wazima wawili kwenye soko la Feri.

Mahindi ya kula yapo, ya msimu mfupi. Julai na Agosti wakulima huegesha pikapu kwenye kona, nyuma zimejaa mahindi matamu, wanauza kwa dazani. Huchemshwa dakika chache, hupakwa siagi. Mwenyeji wangu huyachoma nyuma ya jengo kwenye jiko la mkaa, na watoto wa majirani wazungu, anasema, walianza kwa kushangaa na sasa huja na sahani zao.

Gari, na vinavyolifuata

Kwenye jengo lile la kupanga nilihesabu lugha kwa kusikiliza ngazini: Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza. Familia nyingi za Kongo na Burundi zimepita Kigoma. Baadhi ya Warundi ni wale waliokimbia nchi yao mwaka 1972, waliokaa Tanzania miongo mitatu na zaidi kabla Marekani haijaanza kuwachukua mwaka 2007; watoto wao wanasema Kiswahili cha Kasulu na Kibondo hasa, na Kiingereza cha Iowa.

Mshahara wa chini kisheria Iowa ni dola 7.25 kwa saa, haujapanda tangu mwaka 2008. Viwanda vyenyewe hulipa zaidi sana, maana vikilipa hivyo havipati mtu. Kodi ya nyumba ni ndogo ukilinganisha na Chicago. Kwa hesabu ya karatasi, mtu anaishi.

Hesabu ya karatasi hulisahau gari. Mgeni hana historia ya mikopo, kwa hiyo benki haimjui. Anakwenda kwa wauzaji wa magari yaliyotumika wanaokopesha wenyewe, analipa kila wiki mbili, kwa riba inayouma. Bima ni lazima. Halafu chumvi: majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chumvi hiyo hula vyuma vya gari kwa chini polepole, kimyakimya, mpaka siku bomba la moshi linaburuzika.

Na baridi yenyewe. Januari 2019 kipimo kilishuka hapa hadi nyuzi zipatazo 34 chini ya sifuri. Betri ya gari katika hali hiyo ni jiwe. Ndiyo maana asubuhi utawaona watu wamewasha magari robo saa kabla ya safari, wao wako ndani wanakunywa chai, gari linanguruma peke yake na kutoa moshi mweupe. Kisha hutoka na kikwangulio cha plastiki kukwangua barafu kwenye kioo. Sauti ile, krat-krat-krat mtaa mzima, ndiyo jogoo wa hapa.

> Hapa hata mahindi yenyewe huishia ndani ya gari.

Asiye na gari ana ndugu mwenye gari, au ana kikombe cha dola tano. Na viwanda vingi huhesabu pointi. Umechelewa, nusu pointi. Hukufika, pointi nzima. Zikifika idadi fulani, kazi imekwisha, hakuna kikao cha usuluhishi. Dereva wa gari la viti saba akiugua homa Jumapili moja, watu watano wanapata pointi pamoja naye.

Nani alipe

Mabasi ya mji yapo, na si mabaya. Ni masafi, yana joto, madereva wanasalimu. Huanzia kituo kikuu cha katikati ya mji na kusambaa kama spoki za gurudumu. Wakati naandika haya yanatembea Jumatatu hadi Jumamosi, na jioni huwahi kulala. Basi la kwenda Iowa City, lililoanza mwaka 2018, ni la siku za kazi.

Wanaotaka basi la Jumapili na la usiku wana hoja nyepesi kueleweka. Mashine za viwandani hazijui Jumapili. Hospitali haifungwi. Waajiri wanalia hawana watu, na watu wapo, wamekwama kilomita kumi na tano kutoka mlangoni. Iowa City hapo jirani ilifuta nauli kabisa mwaka 2023, mabasi ya bure, na dunia haikuanguka. Yapo magari ya hisani ya kubeba wafanyakazi wa zamu, lakini ni machache na lazima uweke nafasi mapema.

Upande wa pili nao hauzungumzi upuuzi. Basi la Jumapili katika mji ambao karibu kila kaya ina gari litazunguka na abiria wanne. Pesa zitatoka kodi ya majengo, na jimbo liliweka sheria mwaka 2023 ya kubana ongezeko la kodi hiyo. Madereva wenyewe ni wa kutafuta. Na ukiongeza siku, italazimu kupunguza safari za Jumanne zilizojaa.

Watu wa hapa si wabahili wa roho, ila mkono wao huwa mzito kwenye sanduku la kura ya kodi. Mwaka 2008, tarehe 13 Juni, Mto Cedar ulipanda hadi kimo cha zaidi ya mita tisa na kufunika asilimia 14 ya mji. Nyumba zaidi ya 5,000 ziliingia maji. Miaka mitatu baadaye wapiga kura waliombwa kurefusha kodi ya senti moja kwa dola ili kujenga kinga ya mafuriko. Wakakataa. Wakaombwa tena mwaka 2012. Wakakataa tena.

Hata kinga ilipopata fedha za serikali kuu, zilikwenda kwanza upande wa mashariki wa mto, kwa sababu wahandisi wa jeshi hupima faida kwa thamani ya majengo yanayookolewa. Magharibi, nyumba za wafanyakazi, hesabu haikutimia. Mji ukalazimika kuujengea upande huo kwa mifuko mingine. Nilipolisikia hilo niliielewa hoja ya basi vizuri zaidi. Ni kipimo kilekile. Anayekosa vingi ndiye anayeonekana kuwa na kidogo cha kuokolewa.

Na mimi naona wanaweza. Baada ya mafuriko, Jumba la Makumbusho la Wacheki na Waslovaki, jengo la tani zipatazo 1,500, lilinyanyuliwa zima mwaka 2011, likaburuzwa mita 150 hivi na kuwekwa juu ya msingi mrefu ili maji yasilifikie tena. Mji uliohamisha jengo zima unaweza kutembeza basi Jumapili.

Yupo mmoja asiyelitaka basi hilo: dereva wa gari la viti saba. Alinieleza akiwa ameshika usukani kwa vidole viwili. Noti zile za kikombe ndizo zinazolipa gari. Basi likija, atabaki na deni na viti vitupu. Abiria wake wakacheka, lakini yeye hakutania.

Upepo wa Agosti

Ukitaka kujua majirani wa hapa ni watu gani, waulize kuhusu tarehe 10 Agosti 2020. Mchana wa kawaida uligeuka usiku, na upepo uliokadiriwa kufika kilomita 225 kwa saa ukaupiga mji kwa karibu saa nzima. Wataalamu huuita deresho, na hakuna aliyekuwa na neno hilo mdomoni kabla ya siku ile. Zaidi ya nusu ya miti ya mji ilianguka. Mpaka leo kuna mitaa ambayo jua linawaka kichwani na mashina yaliyokatwa yamechongwa kuwa tai na dubu.

Umeme ulikatika kwa siku nyingi, baadhi ya mitaa karibu wiki mbili. Paa za majengo ya kupanga ziling’oka, na familia, nyingi zikiwa za wakimbizi wa Kongo na Burundi, zililala kwenye mahema juu ya nyasi. Waliotoka mahema ya Kigoma wakajikuta ndani ya mahema ya Iowa. Mwenyeji wangu hasemi mengi juu ya wiki hiyo. Alichokumbuka haraka ni jirani, mzee wa kizungu ambaye hawakuwahi kuongea zaidi ya hali ya hewa, aliyekuja na msumeno wa injini akakata mti uliolalia mlango, akaondoka bila kungoja asante.

Ndivyo walivyo. Ukipishana na gari barabara ya mashambani, dereva huinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, umesalimiwa. Theluji ikianguka usiku, asubuhi unakuta mbele ya mlango wako pamesafishwa na hujui na nani. Lakini kukaribishwa ndani kunywa chai, hilo huchukua miaka.

Msikiti wa mbao

Kwenye mtaa tulivu wa kaskazini magharibi kipo kijengo kidogo cha mbao, cheupe, chenye kuba la kijani, ambacho ukikipita haraka utadhani ni kanisa la kijijini. Ni msikiti uliojengwa mwaka 1934 na wahamiaji wa Lebanon na Syria, ambao ndio mkongwe kuliko misikiti yote iliyosimama Marekani ikiwa imejengwa kwa kazi hiyo tangu mwanzo. Unaitwa Mama wa Misikiti ya Amerika. Jumuiya ilipokua ilihamia jengo kubwa zaidi miaka ya 1970, hiki kikauzwa, kikatumika hata kama kanisa, kikanunuliwa tena mwaka 1990 na kurejeshwa. Mafuriko ya 2008 yaliingia chini yake na kuharibu nyaraka za zamani.

Mtaa mwingine, juu ya banda la magari la nyumba ya kuandaa maiti, ndipo mchoraji Grant Wood alipochora mwaka 1930 ile picha ya mkulima mwenye uma wa nyasi na mwanamke kando yake. Dunia nzima huwadhania mke na mume. Mwanamke ni dada yake mchoraji, na mkulima ni daktari wake wa meno, mtu wa hapahapa mjini. Pengine naye alikuwa na wagonjwa waliopotelea robo isiyo yao.

Wanaosubiriwa

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha mpango wa kupokea wakimbizi. Kwenye jengo lile la kupanga maana yake si siasa. Ni dada aliyekwisha kupimwa afya, aliyebaki Nyarugusu. Ni chumba kilichoandaliwa kitanda cha pili ambacho sasa kinawekwa nguo za kupiga pasi. Jioni simu zinapigwa, kule ni alfajiri, na swali la kwanza la kule ni lilelile: mnasikia nini?

Jumapili ileile, zamu ilipokwisha saa nane, kikombe kilijazwa tena na gari likawashusha kanisani moja kwa moja. Ibada yao huanza alasiri, baada ya wenye jengo kuondoka, nao huazimwa ukumbi na kinanda. Mama mwenyeji wangu aliimba akiwa bado na buti za theluji.

Baada ya ibada uwanja wa kuegesha ulibaki mtupu, mweupe, mpana kama uwanja wa mpira. Hapo ndipo mzee yule wa alfajiri alipomkabidhi mama mwenyeji wangu ufunguo. Ana kibali cha mwanafunzi tangu Novemba. Jumapili ndiyo siku pekee ambayo yeye, mzee na gari la kuazima hukutana. Mimi nilikaa nyuma, katikati ya viti viwili vya watoto.

“Kata kushoto, mama. Kushoto yako, siyo yangu.”

Akazunguka nguzo ya taa mara nne. Akarudi nyuma kati ya mapipa mawili ya taka bila kuyagusa. Mzee akatazama barabarani. Hakukuwa na kitu kinachokuja, si gari, si basi.

“Njia iko mutupu,” akasema. “Twende mpaka kwenye taa.”

Tukatoka polepole, theluji ikipasuka chini ya matairi. Kwenye taa nyekundu akasimama barabara kabisa, pengine mita tatu kabla ya mstari. Mkono wake ukatafuta kiashirio cha kukata kulia, ukawasha waipa. Zikafuta kioo kikavu, kriii, kriii, na taa ikawa kijani.